Mafundo ya Waithera

Kwa miaka kumi na tisa Waithera aliuza shanga kando ya lami katikati ya jiji, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi kumwambia kwamba mkufu wake umekatika. Wapo waliorudi kusema umewatoa vipele shingoni. Wapo waliosema umewachania sweta. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi kusema amejaribu kuukata kwa makasi, makasi yakapinda. Lakini kukatika, hapana. Waithera aliyahesabu hayo yote kuwa sifa.

Na zilikuwa sifa, kwa hesabu ya mahali alipofanyia kazi. Mali ya mchuuzi hulazwa juu ya kitambaa chenye kamba kwenye pembe zake nne. Askari wa jiji wakichomoza kwenye kona, kamba huvutwa mara moja, kitambaa kikawa mfuko, mfuko ukawa mgongoni, na mwenye mali akawa mtaa wa tatu akiuliza bei ya ndizi kama mpita njia. Mkufu uliofungwa kwa adabu hufika mtaa wa tatu ukiwa shanga zilizomwagika kama choroko. Kwa hivyo Waithera alifunga fundo, akafunga fundo juu ya fundo, akaiyeyusha ncha ya uzi kwa kiberiti, akaibana kwa ukucha ingali moto, akamalizia na tone la gundi ya viatu. Kilichobaki nyuma ya shingo ya mteja kilikuwa kitu cheusi, kigumu, ukubwa wa kupe aliyeshiba.

Aliacha kukimbia akiwa na miaka hamsini na mbili, na uamuzi haukuwa wake. Goti la kushoto ndilo lililoamua. Daktari alimwambia limelika kwa ndani, apunguze mbio. Waithera akamuuliza kama anaweza kumwandikia barua ya kuwaonyesha askari. Daktari akacheka, akamwandikia dawa ya kuchua. Mwezi huohuo alishikwa mara mbili, na mara zote mbili mfuko ulienda na yeye akabaki, jambo ambalo kwa mchuuzi ni afadhali lingekuwa kinyume.

Ndipo akaingia kwenye mifupa. Binamu yake Njuguna, ambaye kwao ni Dagoretti kama yeye, alikuwa akichukua mifupa ya miundi ya ng'ombe karibu na machinjio, anaikata kwa msumeno wa chuma, anaitoboa na kuuza shanga kwa mkebe. Waithera alikuwa amesikia kwamba watu wa Karen, mtaa wa wenye pesa, hawavai plastiki, wanaizungumzia tu kwa huzuni. Akatunga mikufu sita ya mfupa, akaivaa yote sita kwa mpigo, akaingia madukani kule mlango kwa mlango, mpaka mwanamke mmoja aitwaye Cate, mwenye duka la vikapu, sabuni na asali, akamwambia avue wa tatu auone.

Cate alimpa rafu. Ilikuwa rafu moja, upana wa mikono miwili, katikati ya vikapu na asali, na ilikuwa na taa yake ndogo juu. Waithera aliitazama siku hiyo ya kwanza kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Tangu aanze biashara, mali yake haikuwahi kulala mahali ilipoamkia.

Ilipofika wiki ya tano, Cate akamwita kando.

"Mama Waithera, dizaini ni poa sana. Watu wanashika, wanarudisha. Shida ni finishing."

Neno hilo Waithera alilijua kutoka kwa mafundi wa nyumba. Dagoretti watu huhamia kabla ya finishing, na wengine huzikwa kutoka humo, vyuma vingali vinachungulia angani vikingoja ghorofa ya mwana.

"Finishing kama ya nini?" akauliza.

"Ikae tu kitu ya maana. Ing'are. Mtu akiona ajue hii si ya barabarani."

Waithera alirudi nyumbani na chupa sita za rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Alipaka kila ushanga, mara mbili, akazitundika kwenye kamba ya nguo kati ya soksi na taulo. Njuguna alipokuja kuchukua mikebe yake mitupu alisimama mbele ya kamba hiyo kama mtu aliyepotea njia.

"Aki dadangu. Hizi sasa zinakaa meno ya mhubiri wa televisheni."

"Si ndiyo wanataka."

"Hata mimi naona. Zinang'ara mpaka zinatisha."

Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la maana zaidi, yaani ile mifupa ilichemshwa mara ngapi. Ilikuwa imechemshwa mara moja, kwa haraka, kwa sababu makaa ni ghali na Njuguna ni Njuguna. Mfupa wa ng'ombe una mafuta yake, na mafuta hayasahau. Chini ya ile taa ndogo ya rafu yalianza kutoka jasho. Siku ya nne rangi ya kucha ilikuwa imeinuka juu ya shanga kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mteja mmoja mwenye blauzi nyeupe akaujaribu mkufu mbele ya kioo, ukamnata, na ulipobanduliwa ukaacha madoa ya mviringo kutoka bega hadi bega, yaliyopangika vizuri kuliko shanga zenyewe.

Cate alipiga simu Jumamosi.

"Mama Waithera, duka inanuka supu."

Cate hakugomba. Waithera alikuwa ametarajia kugombezwa, kwani mtu anayegomba humaliza. Watu wa Karen hawagombi, wanakupa tarehe. Alipewa wiki mbili, hadi Jumamosi ya pili. Baada ya hapo rafu itaenda kwa Virginia, anayetengeneza mishumaa ya kunukia. Alipokwenda kuchukua mikufu yake, Waithera aliliona katoni la mishumaa hiyo sakafuni, chini ya rafu yenyewe, likiwa limekaa kwa subira kama mrithi aliyekuja kumwona mgonjwa.

Jumatatu alishuka mjini kutafuta gundi kali zaidi. Hiyo ndiyo tiba aliyokuwa ameifikiria: gundi kali zaidi, rangi ya kucha ya bei zaidi, na kifungio cha dhahabu ambacho kingeyavuta macho ya watu mbali na mengine.

Nyuzi na vifungio alikuwa akinunua miaka yote kwa Abdalla, kwenye duka jembamba la ghorofa ya kwanza ambamo watu wawili hawapishani mpaka mmoja avute pumzi ndani. Abdalla ni mtu wa Lamu aliyekaa Nairobi miaka thelathini bila kukubali Kiswahili chake kiharibike. Mkewe Zena hukaa kwenye kiti kando ya kaunta na husikia kila kitu. Miaka yote hiyo Waithera alinunua uzi akaondoka. Hakuwahi kuonyesha alichokuwa akiufanyia, na Abdalla hakuwahi kuuliza, kama vile muuza visu asivyouliza.

Siku hiyo aliweka mkufu juu ya kaunta.

Abdalla aliuinua kwa vidole viwili. Akaugeuza. Akalifikia fundo.

"Bi Waithera, hapa ulikuwa watunga mkufu au wafunga ng'ombe?"

"Hiyo haikatiki."

"Mimi sikuuliza kama yakatika."

"Wewe niuzie gundi, mzee. Ile ya nguvu."

"Gundi ninayo tele. Na nikikuuzia utarudi wiki ijayo na kitu kibaya zaidi kilichoshikana vizuri zaidi." Akafungua mtoto wa meza, akatoa tasbihi ya zamani, rangi ya chai ya maziwa. "Hii aliitunga babangu. Ni mfupa kama huo wako. Fumba macho uipitishe vidoleni."

Waithera, ambaye ni mweka hazina wa akina mama wa kanisa lake kule Dagoretti, aliangalia mlangoni kwanza.

"Shika tu, dada," Zena akasema bila kuinua macho kwenye simu yake. "Haikusilimishi."

Akafumba macho, akaipitisha. Shanga zilipita moja baada ya moja, na hakuna iliyomwambia kitu. Alitafuta fundo kwa kidole gumba akalikosa. Akaizungusha tena, polepole, safari hii kwa nia mbaya, kama mtu anayetafuta kosa la mkaza mwana. Akalikosa tena.

"Fundo liko wapi?"

"Ndani ya ule ushanga mrefu. Limelala humo tangu babangu yuhai. Sasa shika wako."

Wake ulimkwaruza kwenye ushanga wa tatu. Ukamkwaruza kwenye wa tano na wa sita, kando ya tundu, mahali keekee ya Njuguna ilipotokea upande wa pili na kuacha meno. Alipofika kwenye fundo alifumbua macho mwenyewe.

"Mtu huipitisha tasbihi mara mia na zaidi kwa siku," Abdalla alisema. "Ikiwa yachoma, badala ya kumtaja Mola wake atakuwa amtaja fundi. Wewe wautengenezea macho. Macho hudanganyika, mtu akafika nayo mpaka nyumbani. Ngozi haidanganyiki hata mlangoni."

"Sasa nipake nini?"

"Usipake. Mfupa haupakwi, mfupa husuguliwa."

"Na gundi?"

"Gundi nunua, ni haki yako. Lakini kwa viatu."

Akamwonyesha jinsi uzi uliopakwa nta unavyorudishwa ndani ya shanga tatu, ukakazwa, fundo moja likazama tunduni na ncha ikakatwa karibu. Alifanya mara mbili. Mara ya tatu alimpa uzi, na Waithera, mbele ya macho yao wote wawili, akafunga fundo juu ya fundo. Zena akacheka mpaka simu ikamwanguka.

Kazi ilianza na ugomvi wa makaa. Waithera alitaka mifupa ichemshwe mara tatu, na Njuguna akataka kujua anapika mfupa au githeri.

"Mara tatu, Njuguna. Na kila mara maji mapya."

"Hii mfupa imekufa, dadangu. Hata ukichemsha mara kumi haiwezi kufa zaidi."

"Wewe chemsha."

Alichemsha. Baada ya hapo shanga zililala siku mbili kwenye maji ya sabuni ya unga. Waithera alikuwa akiinamia karai asubuhi na jioni kuangalia kama macho ya mafuta bado yanaelea, na yalipokuwako alimwaga akaanza upya. Alizianika kivulini, maana jua huupasua mfupa. Akazisugua kwa msasa ndani ya maji, wa kukwaruza kwanza, kisha wa katikati, kisha ule mwembamba unaokaribia kuwa karatasi tu. Kingo za tundu alizisafisha moja moja, kwa njiti ya kiberiti iliyoviringishwa msasa. Hapo ndipo alipogundua kwamba ushanga mmoja una kingo mbili, na shanga mia tatu zina mia sita, hesabu ambayo miaka yote alikuwa ameikwepa.

Kung'arisha kwenyewe kulifanyika ndani ya suruali. Alikata mguu mmoja wa jinzi kuukuu ya Njuguna, akaujaza shanga pamoja na unga laini wa mbao alioomba kwa maseremala wa Ngong Road, akafunga ncha zote mbili. Yeye akashika upande mmoja na Njuguna upande mwingine, wakaupeleka huku na huku kama watu wanaombembeleza mtoto mrefu sana, taarifa ya habari ikiendelea. Waliufanya hivyo jioni nne. Njuguna alisema hajawahi kufuatilia siasa kwa makini namna hiyo. Shanga zilipotoka humo hazikuwa ziking'aa. Zilikuwa na kitu kingine, mwanga mtulivu uliobaki ndani, kama wa jino la mtoto.

Baadaye Waithera alikaa mlangoni na sinia mapajani, amefumba macho, akizipitisha vidoleni moja moja na kuzitupa zilizomkwaruza. Jirani yake Peres alipita, akadhani yuko kwenye maombi, akashusha sauti ya redio yake. Waithera hakumsahihisha. Katika shanga mia tatu alitupa tisini na moja.

Lakini kilichomshinda kilikuwa fundo. Akili ilikuwa imeelewa dukani kwa Abdalla, na vidole havikuwa vimekwenda. Vilikuwa bado na askari nyuma yao. Kila alipofika mwisho wa uzi vilikunja mara ya pili vyenyewe kabla hajavikataza, kisha mkono wa kulia ukaenda kutafuta kiberiti. Aliharibu mikufu miwili hivyo. Akampelekea Peres kiberiti amtunzie, na jioni akarudi kukiomba ili awashe jiko. Peres akamuuliza kama yuko sawa.

Mkufu wa kwanza aliofunga fundo moja tu, likazama ndani ya ushanga mrefu bila kuacha alama, aliuvuta kwa mikono yote miwili. Ulishika. Akautundika kwenye msumari, akatundika na mfuko wa kilo mbili za unga juu yake, akaenda kufua. Aliporudi unga ulikuwa bado juu. Hata hivyo hakuuamini. Alikuwa amekaa miaka kumi na tisa akiamini kile anachokiona, na sasa alitakiwa kuamini fundo ambalo hata yeye hakuweza kulipata.

Jumamosi aliyopewa alikwenda Karen na mikufu tisa ndani ya kitambaa cha pamba. Katoni la mishumaa lilikuwa limefunguliwa. Mishumaa miwili ilikuwa tayari juu ya rafu, kwa majaribio, Cate alisema, na alisema akiangalia kwingine.

Akanusa mikufu kwanza. Hilo Waithera alimsamehe. Kisha akaipanga, akainua simu, akapiga picha, akaitazama picha, akapiga nyingine.

"Ziko safi," alisema. "Hiyo siwezi kataa. Hainuki, nyuma iko smart, hata sioni umefungia wapi."

"Lakini?"

"Lakini kwa picha hazionekani, Mama Waithera. Zimenyamaza sana. Zile za kwanza zilikuwa na makosa, sawa, lakini mtu alikuwa anaziona akiwa mlangoni."

"Zilikuwa zinanata."

"Zilikuwa zinanata, na zilikuwa zinaonekana."

Waithera alikuwa na jibu la Abdalla, lakini hakujua namna ya kulisema Karen, ambako watu hununua baada ya kuangalia simu. Akakaa kwenye kigoda cha kando ya mlango kupumzisha goti. Alianza kupima kichwani kipande cha lami alichokuwa akitandaza zamani, umbali wake hadi kona, na hatua ngapi goti lingetoa kabla ya kukataa. Zilikuwa chache. Cate alianza kutoa mishumaa katonini, mmoja mmoja, kwa aibu ya mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

Akaingia mama mmoja wa makamo ya sitini na kitu, mvi fupi, miwani juu ya kichwa, simu sikioni. Alikuja kutafuta asali. Simu ilikuwa ya fundi wa pampu ya kisima chake, na kwa kusikia upande mmoja tu ilikuwa wazi kwamba pampu imekufa na fundi hataki kukubali msiba.

"Hapana, Zachariah. Hiyo ulisema Jumanne." Akasimama mbele ya rafu. Mkono usio na simu ukateremka wenyewe, ukaokota mkufu uliokuwa karibu. "Jumanne ulisema ni waya. Leo ni nini?"

Mkufu ukajizungusha kwenye kiganja chake. Kidole gumba kikaanza kusukuma ushanga mmoja, ukapita, kikasukuma mwingine. Hakuutazama. Alizunguka vikapu, akafika kwenye sabuni, akarudi kwenye asali, na wakati wote huo shanga zilikuwa zikipita chini ya kidole kile, na sauti yake ikishuka kidogo kidogo, mpaka mwisho akawa anamwambia Zachariah kwamba anaelewa, kila mtu ana matatizo yake, aje tu Jumatatu na hiyo pampu ingine. Akakata simu. Akasahau asali. Akatoka nje.

Cate alikuwa ameinamia katoni. Alipoinuka akaitazama rafu, akahesabu mikufu.

"Iko nane," alisema. "Mama Waithera, si ulileta tisa?"

"Moja imetoka na yule mama."

"Imetoka aje?"

"Mkononi."

Cate alimtazama kwa sekunde moja, akatupa mshumaa aliokuwa ameushika, akachomoka. Waithera alimwona kupitia kioo akikata sehemu ya kuegesha magari na viatu vyake vya wazi, akipunga mikono mbele ya gari lililokuwa likirudi nyuma. Gari likasimama. Pakawa na mazungumzo. Mama mwenye mvi akautazama mkono wake mwenyewe kwenye usukani kama mkono wa mtu mwingine.

Walirudi pamoja, mama yule akiwa mbele.

"Jamani, mtaniona mwizi. Sikujua nimeshika." Alikuwa bado ameushika. "Ni ya mfupa? Ni nani ametengeneza?"

Cate akaonyesha kwenye kigoda. Mama akampa Waithera mkono, ule mwingine.

"Hata sijui iko na rangi gani," alisema, akaangalia. "Nyeupe. Sawa. Nalipa. Hapana, usifunge kwa karatasi, naenda nayo hivi."

Alilipa, akaondoka, mara hii akiikumbuka asali. Cate alibaki amesimama kwenye kaunta, akirudisha pumzi, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kamba yake ilikuwa imekatika. Akaichukua mishumaa miwili juu ya rafu, akairudisha katonini, akalisukuma katoni kwa mguu mpaka chini ya meza ya sabuni.

"Virginia nitampigia," alisema. "Nitampatia kule nyuma. Wewe niletee ishirini Jumamosi."

"Jumamosi nitaleta nne."

"Nne? Mama Waithera, wewe umeona yule mama."

"Nimemwona. Nne. Ya tano itakuwa ya haraka, na ya haraka utaijua ukiigusa."

Cate akachukua mkufu mmoja kutoka rafuni na kuupitisha vidoleni, akiangalia dirishani. Haikujulikana anafikiria nini. Kidole chake kilizunguka mara moja, kikaendelea na ya pili.

"Lakini usiziweke hapo juu," Waithera akasema. "Hapo ni pa kuangalia. Weka kwa sinia, hapa kaunta, mahali mtu anangojea chenji."

"Karibu na mlango hivyo? Na mwingine akitoka nayo?"

"Vaa raba," Waithera akasema, akauliza kama pale dukani kuna chai.